Kiti cha Mgeni Mlangoni

Eliakunda alikuwa amekwama, tena bila kukosewa na mtu, na hilo ndilo lililomuudhi. Alitoka chuo akapanda milimani, kijijini Mamba, kuwatafiti wakulima wa tangawizi: wapunguze vipi kazi za bure, kusubirisubiri na kubebabeba? Kila aliyemhoji alitabasamu. "Hapa hakuna shida, mwanangu." Msimamizi wake alishamwambia kwenye simu kwamba utafiti wa shida usio na shida hata moja haupiti. Akirudi mikono mitupu, atarudia mwaka.

Na shida aliiona kwa macho yake! Wanawake walibeba magunia kutoka stoo, wakalizunguka banda zima kwenye utelezi, ndipo wafike kwenye karo la kuoshea, lililokuwa nyuma tu ya ukuta. Aliwauliza sababu. Mama Hedwiga, mwenyekiti wa kikundi, alimwongezea chai. "Ndivyo tunavyofanya."

Eliakunda akaandika hivyo, akiwa amekalia kiti alichowekewa cha mgeni, chenye kitambaa cha kufuma, kwenye mlango wa nyuma wa banda, penye kivuli.

Wiki ilipokatika, uvumilivu ukamwisha. "Shikamoo, mama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi langu liko wapi?"

"Marahaba. Haya, beba!"

Wakamtwika gunia huku wakicheka. Alipofika kwenye kona aliteleza, akakaa chini kama mtoto, na wote nyuma yake wakasimama na mizigo vichwani.

"Binti, unatuchelewesha!" Mama Hedwiga alifoka. "Kwanza kiondoe kile kiti chako! Pale mlangoni ndipo njia yetu ya siku zote. Wiki nzima tunazunguka kwa ajili yako!"

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Eliakunda, matope hadi kiunoni, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mbona hamkusema?"

"Tumwinue mgeni? Tumelelewa wapi?"

Akaenda kukiondoa kiti mwenyewe. Kumbe aliondoa na kizibo cha midomo. Visu vya kukatia ni butu, mmoja akasema. Karo linavuja, akadakia mwingine. Gari la mnunuzi linachelewa mpaka tangawizi inanyauka! Walilalamika huku wanaosha, naye akiosha nao, na moyo wake ukawa mwepesi ajabu.

Jioni alimpigia msimamizi.

"Mwalimu, nimezipata shida. Nyingi!"

"Afadhali. Ya kwanza ipi?"

"Mimi."