Mikono ya Shosho Kalekye

Vina vyangu vya kwanza nilivipata juu ya mkeka wa Shosho Kalekye, bibi mkandaji wa mtaani Mowlem, nikiwa mtoto, tumbo wazi, likinukia mafuta ya mbono. Alikuwa akilikanda huku akiimba:

*Tumbo lala, tumbo tulia,*
*uji u tayari, mwenye tumbo analia.*

Kila mtoto wa ploti yetu alipita mikononi mwake, na kila mmoja aliamka akidai uji. Kwa hiyo tumbo la binti yangu Lorraine, wa miaka mitatu, lilipovimba upande mmoja, na dawa ya minyoo isisaidie kitu, nilimbeba moja kwa moja hadi kwake.

Shosho alipasha mafuta, akaanza wimbo. Kiganja kilipogusa tumbo, wimbo ukakatika.

"Mvishe. Mpeleke hospitali."

"Shosho, mkande kwanza! Mimi si ulinikanda nikapona?"

"Wewe ulikuwa umejaza maembe mabichi. Hiki kilichomo humu ni kigumu, na kimeketi."

"Basi umezeeka, umesahau kazi!"

Nilisema hivyo, mimi niliyelelewa na mikono ile. Akaifunika chupa yake taratibu.

"Nitukane njiani ukipenda. Lakini mtu asilibonyeze hilo tumbo. Hata wewe."

Nilikwenda kwa hasira, ili nirudi nimwonyeshe kwamba alikosea.

Hospitalini walimpiga picha ya tumbo. Daktari akaniambia ni uvimbe kwenye figo, saratani inayowapata watoto wadogo, na kwamba wengi wao hupona wakitibiwa. Kisha akanikazia macho.

"Kuna mtu aliyelikanda?"

"Hapana. Alikataa."

"Mshukuru. Uvimbe huu ungeweza kupasuka ndani."

Akabandika karatasi juu ya kitanda: USIBONYEZE TUMBO. Niliisoma mara nyingi kuliko shairi lolote.

Dawa zilichukua miezi. Figo moja ikatolewa. Nywele za Lorraine zilipoanza kurudi, nilimpeleka Mowlem. Nilikuwa nimetunga beti nne za kuomba radhi. Mlangoni zote zikanikimbia.

"Shosho, nilikosea."

"Wee Wekulo, na ulivyo na mdomo, leo ni hayo tu! Leta mtoto."

Mkeka ulikuwa uleule, umetoboka katikati. Lorraine akalala, akafunua tumbo lenye kovu, kama nilivyomsimulia.

"Hapana, mama," Shosho akamwambia. "Hilo lifunike. Nipe miguu."

Akaikanda miguu ile midogo, akiimba. Alipousahau mstari wa pili, nikaumalizia mimi.