Njia Ambayo Hakuna Aliyeipita

Mwalimu wa jiografia alikuwa akifundisha kidato cha tatu, dereva wa gari la wagonjwa alipokuja mlangoni na kumwomba watoke nje kidogo. Alimwonyesha simu yake.

"Hii ramani si ndiyo ya wanafunzi wako?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hapa hakuna barabara, mwalimu. Kuna mtaro na ubao wa kuvukia. Jana mchana nimeingia na gari, mbele mtaro, ubavuni kuta. Kurudi kinyumenyume kumenila karibu nusu saa. Nilikuwa namfuata yule fundi cherehani, uchungu umemshika. Yeye mzima. Mtoto hatukumuwahi."

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Muhula mzima mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi kuchora mtaa ulio nyuma ya shule, ambako nyumba hazina namba wala vichochoro havina majina. Walichora kwanza kwenye kompyuta, wakifuata picha iliyopigwa kutoka angani. Kisha walitakiwa kuipita kila njia kwa miguu, wahakikishe gari linapita. Mwisho mwalimu mwenyewe ndiye aliyehakiki. Wiki ya mwisho zahanati ilikuwa inaisubiri ramani, na njia sitini zilikuwa bado hajazihakiki. Alikaa chumba cha kompyuta akabonyeza "imehakikiwa" moja baada ya nyingine, hata hakuzitazama vizuri.

Baada ya kipindi msichana mmoja alibaki darasani. Wenzake walimwita Chapchap, maana hakuna aliyemfikia kwa kuchora.

"Ile njia nimeichora mimi," alisema. "Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, sikushuka kule. Kwenye picha ilionekana barabara safi kabisa."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mwalimu."

Mwalimu alihisi moyo umekuwa mwepesi ghafla: amepatikana wa kubeba lawama. Punde aibu ikamshika, akashindwa kumtazama mtoto wa watu usoni.

Mkuu wa shule aliliona jambo hilo kuwa jepesi. "Mwanafunzi kakosea. Tutamwandikia barua ya onyo, yaishe."

"Jina lililohakiki ni langu, mkuu."

"Nani anaangalia majina huko?"

"Mimi nimeliangalia."

Siku hiyohiyo aliifuta ramani, akawaandikia zahanati kwamba kosa ni lake. Mkuu alimnyang'anya kile kikundi cha wanafunzi wa ramani kabla ya jua kutua.

Kesho yake alikwenda kwa fundi cherehani. Alimkataza Chapchap asimfuate, lakini alipofika kwenye ubao wa mtaro alimkuta amesimama pale na sare zake za shule, amemtangulia.

Aliyewafungulia ni wifi yake fundi, akawaonyesha mkeka. Fundi alikuwa amejilaza kitandani, uso umeelekea ukutani. Mwalimu alieleza yote, hakupunguza kitu. Chapchap naye akasema yake.

Fundi aligeuka taratibu.

"Mlipita hapa na simu zenu," alisema. "Mkaniuliza nyumba ina watu wangapi, nikawajibu. Mkaomba maji, nikawapa. Kutoka hapa hadi mtaroni ni hatua hamsini. Mlishindwa nini kuzimaliza?"

Chapchap aliinamisha kichwa.

"Daktari anasema pengine mtoto asingepona hata gari lingewahi," wifi alisema.

"Pengine," fundi akasema. "Na hiyo pengine ndiyo nitakayolala nayo. Nendeni, mwalimu. Sina la kuwaambia."

Walitoka.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alirudi mtaani peke yake na daftari, akaanza upya kutoka kona ya kwanza. Saa tatu Chapchap alimkuta. Jumamosi ya pili walikuwa sita, yeye na wanafunzi, wote wanatembea, hakuna anayekimbia. Palipokuwa na ngazi waliandika ngazi. Penye shaka walipima upana kwa kamba.

Jumamosi ya nne walifika tena mtaroni. Fundi alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa kiunoni. Aliwatazama muda mrefu wakipima, na mwalimu hakuthubutu kumsalimu.

"Kule nyuma ya kisima nako gari halipiti," fundi alisema hatimaye. "Ukuta umeanguka tangu mwaka jana. Andikeni."

Akaingia ndani, akafunga mlango.