Jeki Juu ya Kisima Namba Sita

"Andika hakikufikika, yaishe! Umeshaandika mara tatu. Ya nne itakuvunja mkono?"

"Itanivunja, Dwight. Leo siandiki," alisema Rhonda.

Dwight Pelto, meneja wa yadi ya mashua, alicheka kwa pua na kunywa kahawa yake mvuani. Mbele yao mashua ya mbao ya futi arobaini ilikuwa imepandishwa nchi kavu, mkuku wake, ule uti wa chini, umekalia magogo, na jeki sita za chuma zimeishika mbavuni isianguke. Jeki moja ya upande wa mtoni ilikuwa imekanyaga mfuniko wa chuma usiozidi sahani ya chakula. Chini ya mfuniko huo ndipo palipokuwa na kisima namba sita.

Hakikuwa kisima cha kunywa. Lilikuwa bomba jembamba lililozamishwa ardhini futi kumi na tano kwa kazi moja tu, kuonyesha kama petroli iliyovuja zamani kwenye matangi ya gati bado imo katika maji ya chini. Kila baada ya miezi mitatu Rhonda Wirkkala, mpimaji wa kampuni iliyokodiwa na yadi, alikuja kuchota maji katika visima sita vya yadi ile na kuyapeleka maabara. Vitano vilikuwa vimetoka safi mara tatu mfululizo. Vikitoka safi mara ya nne, faili linafungwa na visima vyote vinajazwa saruji, namba sita kikiwemo. Na namba sita ndicho kilichopakana na ghala la nyavu. Karibu mwaka mzima hakuna aliyejua kina nini, kwa sababu Rhonda mwenyewe alikuwa akitia alama kwenye kisanduku cha fomu: hakikufikika.

Mara ya kwanza ilinyesha mvua ya barafu. Mara ya pili binti yake alikuwa na homa. Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote, mkono ulishazoea. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Jumapili iliyopita alikuwa kwa mama yake mdogo, Lempi, wakinywa kahawa na mkate wa iliki. Lempi ndiye mkubwa wa wanawake wanaoshona nyavu katika lile ghala. "Siku hizi ikifika saa nne mwenzetu Helmi kichwa kinampasuka," alisema. "Tunaacha milango wazi, mvua inatupiga. Kuna harufu inapanda kwenye tundu la sakafu. Si wewe ndiye unayepima, mwanangu? Maji yanasemaje?" Rhonda alikuwa na mkate mdomoni. Aliutafuna mkate ule kwa muda mrefu sana.

"Mwenye mashua yuko Arizona," Dwight aliendelea, "na kreni imeharibika. Nimpigie simu nimwambie nini? Kuna mama hapa ana vichupa?"

"Sijasema mashua isogee. Nimesema jeki moja."

"Jeki ni za yadi. Anayezigusa ni mtu wa yadi. Bima ndiyo inasema, si mimi."

"Basi mwambie mtu wa yadi."

Wote wawili walimgeukia Arvid Kangas, mzee aliyekuwa akipaka rangi tumboni mwa mashua ile huku akijifanya kiziwi.

"Mzee Arvid," Rhonda alisema, "huku nyuma ya vichwa vya jeki umepakaje rangi?"

Arvid aliitazama brashi yake. "Nilizihamisha."

"Ngapi?"

"Zote. Moja moja."

"Nyamaza, Arvid," alisema Dwight.

"Nimeulizwa, bosi."

"Basi na hii ihamishe tena," alisema Rhonda. "Kazi ya dakika tano."

"Bosi akisema."

"Bosi hasemi," alisema Dwight, na kumwaga masalio ya kahawa kwenye changarawe, kama mtu aliyemaliza kikao.

Rhonda alitazama mtoni. Bahari haikuwa mbali, na maji yalikuwa yakikupwa, nguzo za gati zimeshaonyesha utando mweusi. Maji ya ardhini hushuka kuelekea mtoni maji yanapokupwa. Yakijaa, mto huingia na kuchanganya, na kipimo husema uongo mtamu. Alikuwa na saa moja, pengine pungufu.

Alikwenda kwenye rundo la jeki za akiba, akakumbatia moja na kuivuta hadi kwenye mashua, miguu yake mitatu ikichora mifereji kwenye changarawe.

"Hee! Weka chini hicho!" Dwight alipiga kelele. "Nampigia bosi wako!"

"Mpigie. Namba unayo."

Alikuwa ameshaisimamisha jeki na ameanza kuzungusha mpini wake pale Arvid alipotupa brashi ndani ya kopo.

"Hapo si ubavu, wewe! Hapo ni ubao mtupu, utaitoboa. Pisha."

"Nikupishe au unionyeshe?"

"Pisha, dada. Una watoto." Alishusha sauti. "Daktari alimwambia Helmi wangu kichwa ni macho tu. Tumenunua miwani miwili."

"Arvid!" alifoka Dwight. "Nitakufukuza!"

"Jumatatu basi, bosi. Leo bado nina rangi kwenye kopo."

Mzee aliisogeza jeki mpya palipo na ubavu, akaikaza, akapitisha mnyororo chini ya mkuku hadi kwenye jeki ya ng'ambo ili zisitanuke. Ndipo alipoilegeza ile ya zamani, taratibu, sikio lake limeegemea mbao. Mashua haikulia hata mara moja.

Rhonda alipiga magoti, akafungua skrubu za mfuniko kwa spana, akang'oa kizibo cha bomba. Harufu ilimfikia kabla hajaweka kizibo chini. Arvid alirudi hatua moja.

"Rangi ya Arvid hiyo," alisema Dwight, simu sikioni.

"Nina miaka arobaini na rangi, bosi. Haijawahi kunuka kituo cha petroli."

Rhonda alishusha mpira wa pampu bombani, akaiwasha polepole, akasubiri namba za kipimo zitulie. Kisha alijaza vichupa vitatu mpaka maji yakavimba mdomoni, akavifunga, akavipindua kimoja kimoja kuangalia kama kuna povu la hewa. Hakuna. Aliandika saa juu ya kila kimoja.

Dwight alimsogezea simu usoni. Ilikuwa sauti ya Lyle, bosi wa Rhonda, naye hakusalimu.

"Rhonda, yule ni mteja wetu. Kama umeshachota, mwaga."

"Simwagi."

"Basi lete kila kitu ofisini, tutaangalia cha kupeleka maabara na cha kuacha."

"Lyle, harufu imejaa pua. Wanawake wanne wanaivuta humo ghalani kutwa nzima, na mimi nimetia alama mara tatu kama mjinga. Kuangalia gani tena?"

"Ukipeleka mwenyewe, usirudi kesho."

Rhonda, simu ya Dwight bado mkononi, aliufungua mlango wa gari na kuitandaza fomu kwenye kiti isilowane. Sehemu ya maelezo aliandika kwa kalamu ya wino kwamba kisima kilikuwa kikifikika siku zote, kwamba mara tatu zilizopita hakuomba jeki ihamishwe, na kwamba kosa lilikuwa lake. Alitia sahihi. Penye jina la mpokeaji hakuandika ofisi, aliandika maabara. Alivilaza vichupa kwenye barafu pamoja na vya visima vingine, akafunga kisanduku, akazungushia utepe na kutia sahihi juu ya utepe wenyewe, ili atakayeugusa aonekane.

"Bado upo?" Lyle aliuliza.

"Natoka sasa hivi," alisema, akamrudishia Dwight simu yake.

Ofisi ilikuwa kushoto, dakika kumi. Maabara ilikuwa kulia, mwendo wa saa mbili. Langoni mwa yadi Rhonda alikata kulia.