Mara Saba, Moja kwa Udongo

Nguruwe mwitu hali mahindi vile watu wanavyodhani. Angekuwa anakula tu, Darweshi angesema sawa, kiumbe cha Mungu kina njaa, acha kile. Lakini mnyama yule anaangusha bua zima, anauma hindi mara mbili, analitema, anahamia bua lingine. Akishashiba anajigaragaza juu ya yaliyobaki mpaka unaweza kuapa trekta imepita hapo. Lima ekari tano kwa jasho lako, halafu ufike asubuhi ukute hivyo, tuone kama hutatoa maneno yasiyomfaa mtu mzima.

Na Darweshi hata hakuwa mkulima. Alikuwa mwuza nyama. Bucha yake ilikuwa Nakuru mjini, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka ishirini na sita Waislamu wa mji ule walinunua kwake wakiwa wamefumba macho. Walitoka Milimani na magari yao, walitoka Free Area kwa miguu, na hakuna aliyeuliza mbuzi kachinjwa na nani. "Ni ya kwa Darweshi," wangesema, na hiyo ikatosha. Jina hilo ndilo lililokuwa mali yake. Shamba la Njoro alilikodi tu mwaka huo wa 2007, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri, na kwa sababu mkewe Malak alimwambia kila siku kwamba mtu hategemei kazi moja mpaka azikwe nayo.

Shamba lilipakana na kichaka cha mto, na ndani ya kichaka ndiko walikolala nguruwe wenyewe mchana kutwa. Mtunza shamba alikuwa Nicodemus, mwenyeji wa pale pale, baba wa watoto sita. Walijaribu kila kitu, yeye na Darweshi. Walining'iniza mikebe kwenye waya igongane kwa upepo. Walichoma pilipili kavu pembeni mwa shamba mpaka Nicodemus mwenyewe akakohoa siku tatu. Mtu akawaambia nguruwe anaogopa harufu ya binadamu, basi Nicodemus akazunguka kwa vinyozi wote wa Njoro akarudi na gunia la nywele, wakazimwaga mpakani.

"Zimesaidia?" Darweshi aliuliza kwa simu.

"Siku ya kwanza waliogopa, mzee. Jana wamezilalia."

Ikabidi wawindwe. Majirani walikubali haraka sana, maana wao nyama ile wanaila na wanaisifu. Walipanga Alhamisi asubuhi, wiki moja kabla ya Ramadhani, watu kumi na mbwa wao na mikuki. Darweshi alilishusha sanduku la kubebea nyama kutoka kwenye pikapu yake, akaliacha dukani, akaenda kushuhudia. Alisimama mbali, barabarani, mgongo kwenye mlango wa gari.

"Msiniletee kitu hapa karibu na gari yangu," aliwaonya.

"Mzee, hatukuletei hata mkia!" wakacheka, wakaingia kichakani.

Mbwa walibweka, watu wakapiga kelele, majike yakatoka na watoto yakakimbilia ng'ambo ya mto. Kisha likatoka dume. Halikukimbia. Lilimwendea Nicodemus moja kwa moja, likamchana paja kwa pembe zile za mdomoni, likaanguka naye. Wenzake walilichoma mikuki likiwa juu yake. Walipoliondoa, Nicodemus alikuwa mwekundu kuanzia kifuani hadi miguuni, na hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa damu ya mtu na ipi ya mnyama.

Gari lilikuwa moja tu.

Walikuja wamembeba, wakasimama mbele ya Darweshi, wakamtazama. Na hapo, nisikufiche, Darweshi alisita. Kidogo tu, lakini alisita. Aliitazama ile damu, akaitazama pikapu yake, na mtu anakufa. Kisha akajionea haya. "Mnangoja nini? Mwekeni!" akafoka, akavua shati lake akalifunga pajani kwa nguvu zake zote, mikono yake ikaloa yote mpaka kwenye viwiko. Akaendesha hadi hospitali ya mjini akiwa na fulana, honi haikunyamaza. Daktari alisema robo saa zaidi wangekuwa wanazungumza mambo ya jeneza.

Basi hapo ndipo kisa kingeishia, kama dunia ingekuwa na adabu.

Lakini Darweshi alikuwa mtu wa dini, na alilelewa kwa dini ya babu zake wa pwani. Kila mtoto wa madrasa anaijua hukumu ile: palipoguswa na mbwa au nguruwe kwa majimaji, paoshwe mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Alirudi nyumbani Free Area, akaegesha nje ya geti penye bomba, akaanza. Malak alimchotea maji. Darweshi akamwaga, akasugua, akahesabu kwa sauti asije akakosea. Alipofika ya tano akachota udongo safi kwa sepetu, akautandaza sakafu nzima ya pikapu, akausugua kwa maji.

Ubaid alipita wakati huo akitoka kuswali alasiri. Ubaid alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mshona kanzu, mtu wa kusimama naye safu moja msikitini. Alisimama. Aliona udongo. Alisikia, "Ya sita."

"Asalaam aleikum, Darweshi."

"Waaleikum salaam, ndugu yangu."

Akaenda zake. Angeuliza! Kuuliza kunakata ulimi? "Ndugu, kumetokea nini?" Maneno matatu tu, na Darweshi angemweleza yote pale pale na ndoo mkononi. Lakini hapana, mtu mzima aliyeshika tasbihi alifunga mdomo mpaka alipofika kwake, ndipo akaufungua.

Na uchungu wa jambo lenyewe ni huu: kama Darweshi angekuwa mtu ovyo, akamwaga ndoo moja ya maji akaenda kulala, hakuna kiumbe angejua. Mtu asiye Mwislamu angepita pale angeona mzee anaosha gari lenye matope. Ilihitaji mcha Mungu kuosha namna ile, na mcha Mungu mwingine kuielewa.

Jumamosi, Namalwa alikuja bucha na simu yake. Namalwa aliuza sukuma wiki kwenye kibanda cha jirani, mama wa watu, mlokole wa kwaya. "Mzee, hii meseji imenifikia hata mimi," akasema. "Ni wewe wanaongelea?"

Darweshi alivaa miwani akasoma. NDUGU WAISLAMU RAMADHANI INAKUJA ANGALIENI MNANUNUA WAPI NYAMA. PIKAPU YA MWENYE BUCHA MMOJA IMEOSHWA MARA SABA NA UDONGO. JIULIZENI ILIBEBA NINI. TUMIA WENGINE KUMI.

Mwaka ule ulikuwa wa kampeni, na watu walikuwa wamezoea kuamini kila kilicholia mfukoni. Darweshi alifunga duka saa nne asubuhi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye cherehani ya Ubaid.

"Ulisema nini kwa watu?"

"Mimi? Nilimwambia mke wangu tu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilichoona kwa macho yangu."

Darweshi akamsimulia yote, nguruwe, paja, damu, hospitali. Ubaid alisikiliza huku anatikisa kichwa kwa huruma, na machozi yalimlengalenga kweli. "Subhanallah. Umeokoa roho ya mtu. Wallahi nakuamini, Darweshi."

"Basi kesho njoo ununue nusu kilo. Watu wakuone."

Ubaid aliinamia cherehani, akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake. "Unajua wanawake," akasema. "Wakishaingiwa na kitu…"

Darweshi akaenda kwa imamu. Imamu alikuwa mtu mwema, akakasirika kwa niaba yake. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani alisimama mimbarini akasema mbele ya msikiti mzima kwamba Darweshi hana kosa, kwamba sanduku la nyama halikuwemo, kwamba gari limetwaharishwa ipasavyo, na kumzulia Mwislamu ni dhambi. Alisema vizuri sana. Kabla ya hotuba ile, nusu ya watu walikuwa hawajui habari zenyewe. Baada yake walijua wote, mpaka wazee wasio na simu.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Walimpa mkono, walimuulizia hali ya Nicodemus, walimwambia Mungu atamlipa. Kisha jioni walipita na vikapu vyao mbele ya bucha yake, macho yakiwa ng'ambo ya barabara, wakaenda kununua kwa mwingine. Samosa za Ramadhani mji mzima zilijazwa nyama ya mwingine. Wema hauozi, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi kuuza nyama. Ya Darweshi ilianza kubadilika rangi siku ya tatu, akaitupa, akaleta kidogo zaidi, akaitupa hiyo pia.

Nicodemus alifika akiwa na mkongojo na jogoo wa shukrani. Aliposikia yaliyotokea alisimama mlangoni mwa bucha akawaita wapita njia: "Mimi ndio nilikuwa ndani ya gari! Mimi! Damu ya nguruwe ilikuwa kwa nguo zangu zote, huyu mzee akanibeba!" Darweshi alimvuta ndani kwa upole, akamwomba anyamaze.

Katikati ya mwezi, watu wa posa wakaja kufuturu. Walikuwa familia ya kijana aliyemtaka Kinsi, binti wa Darweshi na Malak, naye mzee aliona walau nyumbani kwake atashika kichwa juu. Asubuhi alichagua mguu wa mbuzi mzuri kuliko yote, akaukata mwenyewe, akampa Malak. Magharibi ilipoingia wakakaa mkekani, wakala tende, wakaswali, sinia la pilau likaletwa. Wageni walikula kwa raha. "Mashallah, mama, mkono wako," baba wa kijana akasema.

Darweshi aliinua kipande. Mfupa ulikuwa umepasuliwa kwa shoka, wenye vibanzi. Yeye hakuwahi kuvunja mfupa tangu ajifunze kazi. Yeye hupita na kisu kwenye kiungo, na mguu unajiachia wenyewe. Alichukua kipande cha pili. Shoka. Cha tatu, shoka. Akatabasamu kwa wageni, akala.

Walipoondoka alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Kinsi, ile nyama si yangu."

Malak aliendelea kusugua sufuria. "Walipiga simu jana, Baba Kinsi. Waliuliza nyama itatoka wapi. Ningefanyaje? Ni mambo ya mtoto."

"Na yangu iko wapi?"

"Nimempa Namalwa."

Darweshi aliitikia kwa kichwa, akakubali. Mtoto ni mtoto. Alikuwa amegeuka kutoka alipokumbuka maharagwe. Futari ilikuwa maharagwe jana, na juzi, mayai siku ile nyingine, samaki, dengu, na kila asubuhi yeye mwenyewe alileta nyama nyumbani kwa mkono wake.

"Na ya wiki iliyopita?"

Malak aliongeza maji kwenye sufuria.

"Malak. Maji ulinichotea wewe. Ulikuwepo tangu ya kwanza hadi ya saba."

"Nilikuwepo," alisema, na akaanza kulia. "Najua yote. Kichwa kinajua. Lakini nikiiweka mdomoni koo linafunga. Nimejaribu, wallahi nimejaribu."

Darweshi alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wa mkewe, akamwambia asilie, hakuna kosa. Kesho yake hakufungua bucha.