Kichwa cha Kanda

Kilichomchefua fundi siku ile, kabla hata hajajua kilichotokea, ni furaha ya mdogo wake. Alimfungulia mlango huku anacheka hadi jino la mwisho, mkononi kashika mfuko wa nailoni uliojaa pamba zilizogeuka kahawia.

"Dada, tazama uchafu uliotoka! Wa miaka thelathini!"

Fundi hakutazama. Harufu ilikuwa imeshampanda puani.

"Hii siyo spiriti," alisema.

"Spiriti ilikuwa inapapasapapasa tu. Nikaona uchafu huu sugu, nikatumia yetu ya dukani."

Mdogo wake aliuza rangi, na mtaa mzima ulimwita Thina, kama ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa sababu aliamini hakuna doa duniani lisilo na thina yake. Aliishi na baba yao. Dada yake alitengeneza redio ng'ambo ya pili ya mji, na juzi alimpigia simu kumwelekeza jambo dogo, la dakika tano, ambalo hata kipofu angeliweza. Ndivyo alivyodhani.

"Umesafisha nini?"

"Ulichoniambia. Kichwa."

"Kichwa kipi?"

"Cha kanda, dada! Mwanzo wake. Nimeivuta nje kama mita tatu, nikaipangusa taratibu. Nilijua nipo sawa, maana pale mwanzo kabisa palikuwa peupe, unaona hadi upande wa pili. Nikasugua mpaka kwingine nako kukawa hivyohivyo."

Fundi aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya nguo ambazo hazijakunjwa. Mafundi wenzake wote husema hedi, kile kichuma ndani ya redio kinachogusa kanda na kuisoma. Yeye, ili amrahisishie mdogo wake, alisema kichwa. Alijiona mwema kweli, mtaalamu asiyejidai. Sasa alitamani kujizaba kofi.

"Pale peupe hapana kitu," alisema. "Ni kipande cha kufungia tu. Kanda yenyewe ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma, kutu hasa, ukashikizwa kwa gundi. Sauti imo kwenye ile kutu. Na thina inafanya nini kwenye gundi? Wewe si muuzaji?"

Thina aliutazama mfuko wake. Meno yalijificha moja moja.

"Inayeyusha," alisema.

"Basi huo siyo uchafu. Huyo ni mama."

Marehemu mama yao alirekodi kaseti ile baba alipokuwa akifanya kazi mbali. Barua hakutaka, kwa kuwa angelazimika kumwandikisha mtu, na mambo yake hakupenda yapitie mkono wa mtu. Baba kila alipoicheza aliwatoa watoto nje kwa dakika ya kwanza, kisha akawaita warudi wasikie mengine. Kwenye dakika hiyo mama alimwita kwa jina ambalo halikujulikana na mwingine yeyote. Mita tatu za kanda ni dakika moja na ushei. Fundi alipiga hesabu hiyo mara mbili na jibu halikubadilika.

Na sasa sikio la kushoto la baba lilikuwa limeshaaga, la kulia linafunga virago. Daktari alisema ni miezi. Ndiyo maana baba aliitaka kaseti.

"Mmemaliza kunong'ona?" baba aliita kutoka chumbani. "Mimi nasikia nusu, siyo kwamba sipo!"

Waliingia chumbani kwake. Fundi aliisafisha hedi kwa spiriti, kama ilivyopaswa kufanywa tangu juzi, akatia kaseti, akabonyeza. Baba aliinamisha sikio la kulia hadi likagusa spika. Kukawa na mvumo mtupu, mrefu. Halafu mama, safi kabisa, kama yuko jikoni:

"...na misumari usisahau, paa halitajishikilia lenyewe."

"Umeruka. Rudisha."

Alirudisha. Mvumo. Misumari.

"Rudisha, nimesema!"

"Baba, mwanzo umefutika. Mimi ndiye niliyemwelekeza vibaya."

"Na mimi ndiye niliyesugua," Thina alisema.

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Fundi wa redio na bingwa wa rangi! Nyumba nzima ina wataalamu, na utepe mwembamba hivi umewashinda!" Alipiga mkono wa kiti. "Kila siku nawaambia vitu vyangu viacheni na vumbi lake!"

Thina, ambaye kunyamaza hakukuwa katika vipaji vyake, alijaribu kuzima moto.

"Lakini baba, jina lenyewe si unalijua?"

"Nalijua. Sasa nikijiita mwenyewe, nitaitika?"

Fundi alinyoosha mkono kuizima redio, baba akamzuia.

"Iache. Rudisha mpaka mwanzo, kisha mtoke nje."

Wakatoka, kama zamani, wakasimama ukumbini mgongo ukutani, watu wazima wawili. Mlango ulikuwa mwembamba. Walisikia mvumo, dakika nzima na ushei, na baba hakuuruka hata kidogo.

"Hizi pamba nitupe?" Thina alinong'ona.

Dada yake alimnyang'anya mfuko na kuufunga fundo, kisha wakangoja kuitwa.