Kabla ya Kumpeleka Jémima

Mama mwenye mtoto asome hii polepole, na akijikuta ndani yake asione haya.

Régine, mwanamke wa Bukavu anayekaa ughaibuni, mtaa wa Evere, ana binti wa miaka minane, Jémima. Tangu Pasaka mtoto alikuwa akitoka shule anafunga mapazia, anaingia chini ya meza na kujifunika blanketi. Ukiwasha taa analia. Mara nyingine anatapika.

Régine aliogopa mpaka usingizi ukamkimbia. Akamweleza Maman Mauwa, kiongozi wa maombi kanisani kwao.

"Mutoto wa huit ans anatafutaka nini mu giza?" Mauwa akasema. "Iyo ni roho. Samedi ntakuya kumukamata. Trois jours, hakuna kula, hakuna maji. Itatoka."

"Siku tatu, hata maji, maman?"

"Unahurumia mutoto, ao unahurumia ile kitu iko ndani yake?"

Régine akakubali. Tena akamkataza mtoto kusema lolote juu ya giza, maana aliambiwa akisema ni roho inajitetea.

Ijumaa alikuwa kazini Saint-Gilles, kwa Bwana Éliézer, mzee wa Kiyahudi aliyekuwa mwalimu. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, Régine humwachia taa zikiwaka, kwa sababu Sabato ikiingia mzee hagusi swichi. Siku hiyo alisahau. Alisimama na kitambaa mkononi, macho dirishani.

"Madame Régine, leo unaniacha gizani?" mzee akamtania.

Hapo mdomo wa Régine ukafunguka. Akauliza: lile giza la Misri, enzi za Musa, lilikuwa pepo?

"Ah, wazee wetu wamebishana sana juu ya hilo," mzee akasema, uso umechangamka. "Wengine walisema giza si kukosa mwanga tu. Ni kitu chenyewe, kinene, unakishika kwa mkono."

Régine akaweka kitambaa chini. Basi Mauwa alisema kweli.

"Ngoja, sijamaliza. Kama ni kitu, nani alikiumba? Mungu, yule yule wa mwanga. Ndiyo maana siku yetu huanza jioni. Ubaya wa giza la Misri umeandikwa pale pale: mtu hakumwona ndugu yake, wala hakuinuka mahali pake. Mwalimu wetu mmoja alieleza kwamba hayo mawili ni jambo moja. Ukiacha kumwona mwenzako, hata wewe huwezi kuinuka." Akamkazia macho. "Una nini leo?"

Régine akamwambia yote.

"Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

Régine alikuwa amemuuliza Mauwa, akamuuliza mchungaji, akampigia dada yake Uvira. Mtoto mwenyewe hakuwa amemuuliza.

Akawasha taa za mzee, akakimbilia basi. Kwake hakuwasha hata moja. Aliingia chini ya meza, akajikunja kando ya blanketi.

"Jémima, huku unapata nini?"

Mtoto akafunua uso: "Kichwa inaniluma, maman. Upande moja. Mwangaza inaizidisha. Mu giza inapoa."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulisema nikisema, ni roho iko inasema."

Régine akamvuta kifuani.

Kesho yake, ile samedi, Mauwa alipogonga, mtoto alikuwa amevaa viatu.

"Tunaenda kwa daktari," Régine akasema.

"Donc daktari anapita Mungu?"

"Mungu ataningojea, maman. Kichwa ya mutoto, hapana."

Daktari wa zamu alimulika macho ya mtoto, akamgusa shingo, akauliza maswali mengi. Kipandauso, akasema; hata watoto hukipata. Akaandika dawa. "Asikae na njaa, na anywe maji ya kutosha. Njaa na kiu huleta maumivu." Régine akahesabu zile siku tatu. "Yakianza, mlaze kwenye chumba chenye giza."

"Mu giza?"

"Ndiyo, madame. Giza ni zuri kwake."

Régine alicheka na machozi yanamtoka.

Mama mwenzangu, muulize mtoto kwanza. Siku tatu bila maji zilikuwa zimebakiza mlango mmoja tu zimfikie Jémima.

Jioni ile Régine mwenyewe ndiye aliyefunga mapazia.

"Na ile ingine, maman," sauti ikasema kutoka kitandani.

Akafunga na lile lingine.