Upepo wa Mtungi

Mama alikataa kutoa radhi. Alikataa kwa namna ileile aliyokataa dawa: alifumba mdomo, akageukia ukuta.

"Amekufa mlevi," aliuambia ukuta. "Ameingia kwenye tangi langu na pombe kichwani, ameacha watoto hawajui hata kufunga viatu. Simtolei radhi. Akajibu mwenyewe huko aliko."

Mwanawe mkubwa, ambaye watu walimwita Fundi tu kana kwamba hakuzaliwa na jina, alikaa kwenye stuli kando ya kitanda, mikono imening'inia katikati ya magoti. Mlangoni alisimama mke wa marehemu na bakuli la supu. Marehemu mwenyewe, mdogo wake Fundi, yule waliyemwita Spana, alikuwa chini ya udongo ambao ulikuwa haujakauka bado.

"Mama," mkwe alisema, "mume wangu aliacha pombe kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Nimelala naye kitanda kimoja. Ningejua."

"Mke ndiye wa mwisho kujua."

"Kwa mambo ya wanawake wengine, sawa. Kwa pombe, mke ndiye wa kwanza. Harufu inamfikia kabla mume hajafika."

Siku nyingine Fundi angecheka. Leo alitazama sakafu.

Maneno ya pombe aliyaanzisha mjomba wao palepale msibani. Mtu mzima, mwenye afya, alisema, analalaje ndani ya tangi? Hakuanguka, hakuungua, hana hata mkwaruzo. Huyo alikunywa. Waombolezaji wakatikisa vichwa, na lisemwalo lipo, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshanusa pombe ambayo haikuwepo. Mama aliamini mara moja. Mumewe aliuawa na chupa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fundi alijua ukweli. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hauendi mbele wala haurudi nyuma.

Yeye na Spana walikuwa mafundi wa matairi ya malori, wale wanaomfuata dereva hukohuko alikokwama, mahali ambapo umeme hakuna na duka hakuna. Hawakubeba kompresa, kwa kuwa kompresa ni nzito na inakula mafuta kama imelaaniwa. Walibeba mitungi mirefu ya chuma iliyojazwa naitrojeni kwa presha kubwa. Unafunga saa ya kupunguza presha, unaunga mpira, unaunga bunduki ya nati, unafungua koki. Nati iliyowashinda wanaume wawili na bomba lao inalegea ukiwa bado unapiga soga. Hakuna moshi, hakuna mngurumo. Madereva walizoea kuwatania.

"Nyie kazi yenu kuuza upepo," dereva angesema.

"Na yako kuununua," Spana angemjibu huku amelala chini ya lori. "Sasa hapo mjinga nani?"

Muuza mitungi aliwahi kuwaambia kwamba sehemu kubwa ya hewa anayovuta mtu ni hiyohiyo naitrojeni. Wakaona basi, gesi ya namna hiyo ina ubaya gani. Na kweli, barabarani, kwenye uwazi, haikuwahi kuwadhuru hata kwa mafua.

Halafu likaja tangi la Mama. Lilikuwa la chuma, refu kupita mtu, limesimama nyuma ya nyumba chini ya dirisha la chumba chake, na kutu ilikuwa imelila mpaka maji yakatoka mekundu. Mama alikuwa hawezi tena kwenda bombani. Wanawe wakaamua kulikwangua ndani kwa nyundo ya upepo, walipake rangi, wavute bomba mpaka bafuni kwake. Kwa kuwa kazi ilikuwa nyumbani, waliazima kompresa ya mafuta. Spana aliingia kwa tundu la juu na nyundo yake, Fundi akaiwasha mashine.

Hawakufika mbali. Dirisha lilifunguka.

"Zimeni hilo dude. Kichwa changu kinapasuka. Au mmechoka kuniuguza, mnataka mnizike?"

"Tunakutafutia maji, Mama," Spana alijibu kutoka ndani ya tangi, na sauti yake ikatoka nene kama ya jitu. "Vumilia kidogo, utaoga kama malkia."

"Malkia gani hata usingizi hana."

Waliendelea kidogo, kisha Fundi akaenda kufuata rangi. Aliporudi, kompresa ilikuwa kimya. Mtungi ulikuwa umesimamishwa kando ya tangi, mpira wake umepanda na kuingia tunduni. Nyundo haikulia.

"We mvivu," Fundi aliita, "umelala?"

Alipanda ngazi, akaingiza kichwa. Spana alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa tangi, kidevu kifuani. Fundi alijipenyeza mpaka kiunoni ili amfikie, na hapo magoti yake yakalegea bila maumivu yoyote. Kama jirani asingemkamata mkanda wa suruali na kumvuta nyuma, yangechimbwa makaburi mawili.

Baada ya mazishi aliupeleka mtungi kwa aliyewauzia na kumweleza. Muuza mitungi alikaa chini kwanza.

"Ile nyundo ikipiga," aliuliza, "upepo wake inautemea wapi?"

"Humohumo."

"Basi kompresa ilikuwa inamletea hewa ya nje, anavuta. Mtungi ukamletea gesi tupu, ikaisukuma nje hewa yote. Gesi hii siyo sumu, lakini siyo pumzi. Mtu hakohoi, hapaliwi. Anasikia usingizi tu."

"Hukutuambia."

"Mliniambia mnafungua matairi."

Fundi akarudi nyumbani na jibu lake, na njiani akaliona swali ambalo lingefuata. Kama mtungi ndio uliomuua, ni nani aliyefanya kompresa izimwe? Akaamua kunyamaza. Marehemu hasikii matusi, alijiambia. Mama anasikia kila kitu.

Sasa shemeji yake alimwita jikoni. Aliliweka bakuli mezani, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Shemeji, tangu msibani hunitazami usoni. Unajua kitu."

"Kuna mambo bora yalale."

"Yalale? Wanangu watakua wakiambiwa baba yao alikufa mlevi na bibi yao hakumsamehe. Na Mama siku zake unaziona mwenyewe. Akiondoka na kinyongo hiki, nani atakwenda kumfuata akitoe?"

"Nikisema nitamuua."

"Usiposema atakufa vilevile, tena akimchukia mwanawe." Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. "Sikulazimishi. Lakini usiniambie unamlinda mume wangu."

Fundi alirudi chumbani, shemeji nyuma yake. Mama hakugeuka, lakini alikuwa macho.

"Unajua kinachoniuma?" alisema. "Siku ile mimi nililala. Usingizi mtamu, wa kwanza tangu niugue. Mimi nimelala hivyo, kumbe mwanangu huko nje anakunywa."

Fundi aliona afadhali angeng'olewa jino. Alisogeza stuli karibu.

"Hakunywa, Mama. Ni gesi ya mtungi. Ilijaa ndani ya tangi, akakosa hewa. Hata mimi ilitaka kunichukua. Nimemuuliza mwenye mitungi, amenieleza yote."

Mama aligeuka polepole, kama mtu anayegeuza gunia.

"Mlikuwa na mashine."

"Tulikuwa nayo."

"Ile ya kelele."

"Ndiyo." Kisha akaongeza haraka, "Mimi ndiye niliyemwambia atumie mtungi."

"Usinidanganye. Wewe nilikusikia ukiaga, unafuata rangi, na mashine bado inaunguruma. Ilinyamaza baadaye." Macho yake yalikwenda dirishani. "Alikuja hapa dirishani. Akaniambia, lala, Mama, nimeizima. Nilidhani naota."

Hilo la dirishani hata Fundi hakulijua. Mkwe naye alikuwa ameshika kizingiti cha mlango. Sababu ya mashine kuzimwa alikuwa anaisikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Ungetegemea apige kelele, na angekuwa na haki. Mumewe alikufa ili mtu mwingine apate usingizi wa mchana.

"Nimemtolea radhi," Mama alisema. "Nimemtolea zote. Radhi za duniani na za huko aliko. Mwambieni mjomba wenu afunge mdomo." Akapumua kwa shida. "Na mimi? Mimi nani atanitolea? Aliyetakiwa kunisamehe ndiye huyo niliyemzika."

Akageukia tena ukuta.

Mkwe alitoka. Fundi alifikiri amekwenda kulia, lakini alirudi na bakuli lilelile, ameipasha moto supu. Akakaa kitandani, akauinua mgongo wa mkwewe kwa mkono mmoja kama alivyofanya kila siku.

"Kula, Mama."

"Niache."

"Sikuachi. Alitaka ulale. Hakutaka ufe."

"Mwanangu, wewe hunichukii?"

Mkwe alikoroga supu, akakitazama kijiko.

"Leo sijui," alisema. "Niulize siku nyingine. Fumbua mdomo."

Mama alifumbua. Supu aliishikilia mdomoni muda mrefu, machozi yakimshuka mashavuni, mpaka Fundi akadhani ataitema. Kisha akameza. Mkwe alichota kijiko kingine, akakipuliza, akangoja.